Mbona alizaliwa mzima? Siko seli na namna DNA inavyojikunja

Mtoto wa dada yangu alizaliwa salama kabisa, kilo 3 na nusu, analia kwa nguvu, ananyonya mpaka anasinzia kwenye titi. Miezi mitano hatukuona tatizo lolote la maana. Mwezi wa saba vidole vya mikono yote miwili vikavimba kwa pamoja, vimejaa kama ndizi kisukari, ukimgusa tu anapiga ukunga. Bibi yetu akasema ni meno, jirani akasema ni baridi apakwe mafuta ya nazi yenye karafuu, zahanati wakampa dawa ya malaria, akarudi wiki ya pili wakampa tena dawa ya malaria. Mara ya tatu tukampata tabibu mmoja kijana, alivishika vile vidole taratibu akaviangalia kama dakika nzima bila kusema kitu, alafu akasema huyu apimwe damu leo leo. Majibu yakaja SS. Siko seli, selimundu kama wanavyoandika kwenye mabango ya kliniki.

Usiku ule dada aliniuliza swali moja ambalo halijawahi kunitoka kichwani. "Kaka, kama huu ugonjwa ni wa kurithi, mbona alizaliwa mzima? Miezi yote ile ulikuwa wapi?"

Mi nafundisha baiolojia sekondari, miaka 11 sasa, na nilikosa jibu. Nilimwambia ndo ilivyo, dada. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali yote niliyowahi kuwatungia wanafunzi, kwasababu ukilifuata mpaka mwisho linakutoa kwenye ile DNA ya kitabuni, uzi mrefu wa herufi za urithi, ile ngazi iliyonyooka tunayoichora ubaoni, na kukupeleka kwenye DNA yenyewe ilivyo ndani ya seli, na pale haijanyooka hata kidogo, imekunjwa. Na kwa siko seli huo mkunjo una kazi kubwa karibu sawa na ile herufi iliyokosewa. Mpaka tukubali hilo tutaendelea kuwaeleza wazazi wetu nusu ya ugonjwa na kuwaachia nusu nyingine waimalizie kwa uchawi na laana za ukoo.

Tuanze na herufi maana ndo sehemu inayojulikana. Hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni na kuipa damu rangi, ya mtu mzima inajengwa na minyororo ya aina mbili, alfa na beta. Jeni ya beta, yani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kujenga mnyororo huo, iko kromosomu ya 11, moja ya nyuzi ambazo DNA yetu imegawanyika. Mwenye siko seli ana herufi moja tu imebadilika pale, A imekuwa T, na kosa hilo moja linabadilisha kiungo cha sita cha protini. Basi. Lakini matokeo yake hemoglobini ikiachia oksijeni inashikana yenyewe kwa yenyewe, inatengeneza nyuzi ngumu ndani ya seli nyekundu, seli inapinda kama mundu, inaziba vimishipa, na mtoto anavimba vidole. Baba ana nakala moja mbovu, mama ana nakala moja mbovu, wote wazima, na kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 mtoto apate zote mbili. Kwaiyo wale wanaosema "huyu katoa ugonjwa upande wa mama yake" wakae wakijua hesabu haikubali, lazima pande zote mbili ziwe zimetoa, na nimeona ndoa imevunjika kwa sababu ya uongo huu mmoja.

Sasa turudi kwenye swali la dada. Ile herufi ilikuwepo tangu siku ya kwanza ya mimba. Ilikuwepo alivyozaliwa, ilikuwepo miezi mitano yote anacheka. Herufi haikubadilika mwezi wa saba. Kilichobadilika ni jeni ipi inasomwa.

Hapa inabidi nirudi kwa bibi yangu, maana kila nikijaribu kueleza jambo hili kwa michoro ya kitabu nashindwa, nikilieleza kwa ukili watu wanaelewa. Bibi anasuka ukili tangu namfahamu, anakaa barazani na miyaa yake aliyoichana na kuipaka rangi, anasuka utepe mwembamba, upana wa vidole viwili vitatu, unarefuka pima kumi, pima ishirini, anauzungushia bunda na kuuweka kando. Ukiutazama ule ukili umenyooka, doa jekundu liko hapa na doa jingine jekundu liko pima nne mbele, haliko karibu kabisa na lile la kwanza. Lakini siku bibi akianza kushona mkeka anauzungusha ule ukili, ukingo kwa ukingo, na yale madoa mawili yaliyokuwa mbali yanakuja kukaa ubavu kwa ubavu na kutoa ua moja. Hakubadilisha hata uzi mmoja wa ukili. Amekunja tu. Na mshonaji mwingine akiuzungusha ukili ule ule kwa kipimo kingine, ua halitoki, au linatoka mahali pengine.

DNA ndo hivyo hivyo. Ukiinyoosha ya seli moja inafika kama mita 2, na imeingia ndani ya kiini ambacho upana wake ni mdogo kiasi kwamba vikipangwa kama 100 kwenye mstari ndo unapata milimita 1. Haikushindiliwa hovyo humo. Kwanza inajizungushia kwenye protini zinaitwa histoni, nane nane kwa pamoja, herufi 147 zinazunguka kifurushi kimoja mara moja na zaidi ya nusu, alafu inaendelea mpaka kifurushi kinachofuata, kama shanga kwenye uzi. Panapobanwa sana jeni hazisomeki, panapolegea zinasomeka. Alafu huo uzi wa shanga wenyewe unajikunja vitanzi, na hapa ndo utamu ulipo.

Vitanzi vinavutwa na pete. Kuna protini inaitwa kohesini, ina umbo la pete kabisa, inauvuta uzi wa DNA upitie ndani yake na kitanzi kinazidi kukua, mpaka pete igonge mahali protini nyingine inayoitwa CTCF imekaa kama kizuizi, hapo inasimama. Kwa namna hiyo kromosomu inagawanyika mitaa mitaa, vitu vya mtaa mmoja vinakutana mara nyingi na vya mtaa wa pili vinakutana mara chache. Mitaa hii ilionekana waziwazi mwaka 2012, na njia ya kuiona ni nzuri sana naomba niieleze kidogo. Unachukua seli unazitia formalini, ile ile inayotumika mochwari, inagandisha kila kitu pale pale kilipo. Unakata DNA vipande kwa vimeng'enya. Alafu unaunganisha ncha zilizo karibu, kwaiyo vipande viwili vilivyokuwa vimegusana ndani ya seli, hata kama kwenye uzi viko mbali, vinafungwa pamoja, na ukisoma herufi zake unajua nani alikuwa jirani na nani. Job Dekker na wenzake walitoa njia ya kwanza ya aina hii mwaka 2002 wakitumia hamira, na 2009 ikakuzwa mpaka ikaweza kupima jenomu nzima ya binadamu kwa mkupuo.

Kwanini ujirani ni muhimu? Kwasababu jeni nyingi haziwaki zenyewe. Zina swichi, vipande vya DNA ambavyo havitengenezi protini yoyote lakini vikigusana na jeni vinaiwasha, na swichi inaweza kuwa mbali kweli kweli, maelfu ya herufi, nyingine hadi milioni 1. Bila mkunjo swichi haifiki. Jeni zinazotengeneza protini tunazo kama 20,000 tu na zinachukua kama asilimia 1 au 2 ya DNA yote, hiyo sehemu kubwa iliyobaki watu waliiita takataka kwa miaka mingi, na humo ndo swichi nyingi zilipo.

Sasa angalia kromosomu ya 11. Pale kwenye ukoo wa beta jeni zimejipanga kwenye mstari kwa kufuata umri wa mtu, yani inashangaza. Ya kwanza epsiloni, inatumika mimba ikiwa changa kabisa. Zinafuata gama mbili, hizi ndo za mtoto wa tumboni. Alafu delta, inatumika kidogo tu. Mwisho beta, ya mtu mzima. Na mbele yao wote, upande wa epsiloni, kuna kundi la swichi zenye nguvu ajabu ambalo Frank Grosveld na wenzake walilitambua London mwaka 1987. Mi naliita swichi kuu. Kutoka swichi kuu mpaka jeni ya beta ni kama herufi 50,000 hivi. Mwaka 2002 ikaonyeshwa kwenye panya kwamba kwenye seli zinazotengeneza damu DNA inajikunja hapo katikati, swichi kuu inaenda kuigusa jeni inayofanya kazi na zile ambazo hazihitajiki zinabaki zimening'inia nje ya kitanzi.

Swichi ni moja, jeni ni kadhaa, na zinaigombania. Ikiwa imekunjwa na gama, beta inapata kidogo. Ikihamia kwa beta, gama inazimika. Mtoto akiwa tumboni mkunjo uko kwa gama, anatengeneza hemoglobini ya tumboni, HbF, inayovuta oksijeni vizuri kutoka kwenye damu ya mama. Kuelekea kuzaliwa na miezi michache baadae mkunjo unahama taratibu kwenda kwa beta. Kwa mtoto asiye na tatizo hakuna anayejua kwamba kuna kitu kimehama. Kwa mtoto wa dada yangu beta ndo ile yenye herufi mbovu, ilikuwa imelala miezi yote ile, na mkunjo ulipohama ndo ikapewa kazi.

Hilo ndo jibu, dada. Alizaliwa na herufi, lakini mkunjo wa tumboni ulikuwa bado unamlinda.

Na hii siyo habari mpya kabisa, ndo maana inaniuma. Mwaka 1948 huko Brooklyn, Marekani, daktari wa watoto Janet Watson aliona kwamba damu ya vichanga waliorithi ugonjwa huu haipindi mundu sana, akasema huenda ni ile hemoglobini ya tumboni inawakinga. 1948! HbF haijiungi kwenye zile nyuzi, inazivuruga, kwaiyo hata ukiwa nayo kiasi tu maumivu yanapungua. Tangu siku hiyo swali la siko seli lingeweza kuulizwa kwa namna nyingine, siyo tu tutairekebishaje herufi bali pia tutaurudishaje mkunjo.

Jaribio ambalo mimi binafsi naliona ni zuri kuliko yote kwenye habari hii lilifanyika kwenye maabara ya Gerd Blobel kule Philadelphia. Walitengeneza protini ambayo upande mmoja inajua kuitafuta jeni husika na upande mwingine inapenda kushikana na wenzake walioko kwenye swichi kuu, yani kama kulabu. 2012 wakaonyesha kwamba ukilazimisha kitanzi kwa kulabu hiyo jeni ya beta inaanza kuwaka hata kwenye seli ambayo haikuwa tayari. 2014 wakafanya kwenye seli za damu za watu wazima, wakapeleka kulabu kwa gama, na gama iliyokuwa imezimwa tangu utotoni ikawaka tena, na kadiri ilivyopanda beta ikashuka. Jeni za hemoglobini zenyewe hazikuguswa hata herufi moja. Walishona mkeka upya tu. Nikiwaeleza wanafunzi hapa huwa kuna ukimya, alafu kuna mmoja lazima aulize "sasa sir, si ndo dawa hiyo?"

Karibu. Dawa yenyewe ilikuja kwa njia ya jirani. Kuna protini inaitwa BCL11A, kazi yake kwenye seli za damu ni kuifunga gama baada ya kuzaliwa ili swichi kuu iende kwa beta. Ilijulikana kati ya 2007 na 2008 kwa kulinganisha watu wenye HbF nyingi na wenye kidogo. Ukiizima BCL11A gama inarudi. Tatizo ni kwamba BCL11A inahitajika pia na seli nyingine, kwenye ubongo na kwenye kinga, huwezi kuiharibu mwili mzima. Lakini yenyewe pia ina swichi yake, na 2013 ikaonekana kwamba swichi inayoiwasha kwenye ukoo wa seli nyekundu iko peke yake, kwenye kipande cha ndani ya jeni hiyo hiyo ambacho hakitafsiriwi kuwa protini. Ukiharibu swichi hiyo tu, BCL11A inashuka kwenye seli za damu na kwingine inabaki. Basi mkasi wa CRISPR, kifaa cha kukata DNA mahali unapotaka, ukaelekezwa pale kwenye seli za mgonjwa zilizotolewa nje ya mwili. Victoria Gray wa Mississippi alikuwa mgonjwa wa kwanza wa siko seli Marekani kupata tiba hii, 2019, na novemba 2023 Uingereza ikawa nchi ya kwanza kuiidhinisha kwa jina la Casgevy, Marekani ikafuata desemba.

Angalia walichofanya. Herufi mbovu ya beta bado ipo kwenye miili ya hao waliotibiwa. Hawakuigusa. Waligusa swichi.

Bei Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, kwa pesa yetu zaidi ya shilingi bilioni 5, na kabla ya kurudishiwa seli zako unapewa kwanza dawa kali za kufuta uloto wako wote, unakaa wiki kadhaa hospitali bila kinga. Tanzania wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye siko seli kila mwaka. Zidisha mwenyewe.

Na hapa ndo nina neno langu. Siyo kwamba sisi tulikuwa watazamaji kwenye elimu hii. Muhimbili wamekuwa wakifuatilia wagonjwa wa siko seli tangu 2004, Profesa Julie Makani na wenzake, moja ya makundi makubwa duniani ya wagonjwa wanaofuatiliwa sehemu moja, na 2011 walichapisha utafiti kuhusu jeni zinazopandisha HbF kwa Watanzania pamoja na wagonjwa wa Uingereza, BCL11A ikiwemo. Damu ya watoto wetu imesaidia kuonyesha kwamba njia hii ni ya kweli na kwa Waafrika pia. Kilichorudi mpaka sasa ni dawa ambayo hakuna mzazi hata mmoja ninayemjua anaweza kuiota. Sisemi watafiti walikosea, walifanya kazi kubwa na ya heshima. Nasema wenye bajeti wameacha nusu ya pili ya kazi ikae tu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Wagonjwa wa siko seli wote wana herufi ile ile lakini hawaumwi sawa. Mashariki ya Saudia na India wapo wengi ambao HbF yao ni kubwa, asilimia 15 na kuendelea siyo ajabu, na ugonjwa wao mara nyingi ni mwepesi zaidi. Huku kwetu Afrika Mashariki na Kati muundo unaobeba herufi ile ni mwingine, wataalamu wanauita wa Kibantu, na HbF yake huwa chini, mara nyingi haifiki 10. Herufi mbovu ni moja, tofauti iko kwenye mazingira yake, mfano kuna herufi moja karibu na jeni ya gama ambayo wale wa Saudia na India wanayo na wa Kibantu hawana, na inahusiana na gama kubaki wazi zaidi. Ukienda Oman unakuta miundo yote miwili kwenye nchi moja, wa Kiarabu na Kihindi na huu wa Kibantu uliovuka bahari na watu wa mwambao wetu, miaka yote ile ya majahazi, biashara na utumwa. Familia mbili zimekaa mtaa mmoja Muscat, herufi ile ile, mtoto mmoja anacheza mpira na mwingine anaingia wodini kila mwezi. Nani atasema tena kwamba jeni ni herufi tu?

Kwaiyo tukisema utafiti wa mikunjo hii ufanyike kwa DNA za kwetu siyo uzalendo wa maneno. Ukisoma swichi za watu wengine alafu ukatengeneza dawa kwa kipimo chao unaweza kumkosa mtoto wa Geita.

Na siyo siko seli peke yake. Mwaka 1957 Kampala, hospitali ya Mulago, daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya pande zote, akaanza kuwatafuta wengine, akaandika 1958 kuhusu saratani ambayo sasa ina jina lake. Sampuli zikapelekwa London kwa ndege, na 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Watu wengi wa kanda ya ziwa, Uganda, Kenya, Tanzania, wameona watoto hawa. Kinachotokea kwenye seli ile ni kwamba kromosomu ya 8 na ya 14 zinakatika na kubadilishana vipande, na jeni MYC inayoamrisha seli ikue inajikuta imehamia jirani na swichi ya kutengeneza kingamwili, ambayo kwenye seli nyeupe za aina B inawaka mchana na usiku. MYC haikuhitaji kuharibika ndo ilete balaa, ilitosha kupata jirani asiye wake. Seli inagawanyika bila kupumzika na taya linavimba ndani ya siku chache. Ni ukili umekatwa na kuunganishwa mahali siyo, ua likatoka pasipotakiwa. Saratani hii inasikia dawa vizuri sana mtoto akiwahishwa, na ndo maana kila wiki inayopotea kwa kupaka majani na kung'oa meno inauma mara mbili.

Kuna na watoto wanaozaliwa pete yenyewe ikiwa na shida, yani jeni ya kusaidia kohesini kukaa kwenye DNA imeharibika, wanakuwa wafupi, nyusi zimeungana, mikono wakati mwingine haikukamilika. Hapo siyo kitanzi kimoja, ni mamia ya jeni zimepungukiwa kidogo kidogo kwa pamoja. Sitaingia huko leo.

Nataka nirudi kwenye kinachowezekana kesho asubuhi. Kipo kidonge kinaitwa haidroksiyurea, cha zamani, Marekani kiliruhusiwa kwa siko seli 1998. Hakimkati mtu DNA, kinaupa uloto msukosuko kidogo, na uloto ukisukumwa hivyo unatoa seli nyekundu zenye HbF zaidi. Kwa miaka mingi watu walisita kukitumia Afrika, wakiogopa kwamba kwenye malaria nyingi na lishe duni kitawadhuru watoto. Basi ukafanyika utafiti Kilifi pale Kenya, Mbale Uganda, Kinshasa na Luanda, watoto 606 wakapewa, majibu yakachapishwa mwanzoni mwa 2019. Maumivu yalishuka zaidi ya nusu. Kuongezewa damu kukashuka mpaka theluthi moja. Malaria nayo, iliyokuwa inaogopwa, ikapungua kwa nusu. Vifo vikatoka 3.6 mpaka 1.1 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa kufuatiliwa. Haya siyo matokeo ya Philadelphia, ni Kilifi, ni basi la saa chache kutoka Tanga.

Sasa niambie kwanini mpaka leo mzazi anatoka wilayani na mtoto mgongoni kufuata kidonge mkoani, na akifika mara kipo mara hakipo. Kwanini mashine ya kupima kiasi cha HbF iko mijini mikubwa tu, wakati hiyo namba ndo inayokuambia dawa imefika au haijafika. Kwanini mtoto anapimwa baada ya vidole kuvimba, wakati tunajua wazi kwamba kuna dirisha la miezi kadhaa la mkunjo wa tumboni, zawadi ya bure, miezi ya kumuanzishia penisilini ya kila siku, kumkamilishia chanjo, kumfundisha mama kupapasa bandama. Tunaliacha dirisha lile lifungwe ndo tunaanza kutafuta. Naheshimu sana hospitali zetu zilizoanza kupandikiza uloto, Benjamin Mkapa Dodoma mojawapo, ni hatua ya kujivunia na kuna watoto wamepona moja kwa moja. Lakini ukinipa bajeti leo naanza na tone la damu ya kisigino kwa kila kichanga na kidonge kila wilaya, alafu ndo niende juu.

Na kuna jambo linaloudhi ambalo limepata nguvu kwasababu elimu hii imebaki nusu nusu. Watu wameanza kuuza juisi na unga wa "kufungua DNA", wamesikia sikia kwamba jeni zinaweza kuwashwa na kuzimwa, wakaona biashara. Mama mmoja kliniki alikuwa ameacha haidroksiyurea miezi miwili kwa ajili ya chupa ya elfu 80. Ni kweli jeni zinawashwa na kuzimwa. Lakini swichi ya BCL11A haijui majani ya kuchemsha, na ushahidi wa kupandisha HbF unasomeka kwenye karatasi ya maabara kabla na baada, muulize muuzaji akuonyeshe hiyo karatasi moja tu.

Mtoto wa dada sasa ana miaka 6. Alianza vidonge akiwa na miaka 3, HbF yake ilikuwa 5, mara ya mwisho kupima imesoma 14. Dada anazihifadhi zile karatasi kwenye bahasha ya khaki chini ya godoro, ana namba zote kichwani kuliko mimi. Mwaka jana alilazwa mara moja, mwaka ule kabla ya vidonge alilazwa mara saba. Bado ana siku anashika goti na kukaa kimya, na tukimuona amekaa kimya wote tunajua tujaze maji kwenye chupa na kutafuta nauli.

Dada ana mimba nyingine, mwezi wa nane. Mumewe ni yule yule, nafasi ni ile ile 1 kati ya 4, walikaa wakaongea wenyewe na ni uamuzi wao. Hospitali atakayojifungulia haina kipimo cha kichanga. Nimeulizia, kuna maabara Dar wanapokea tone la damu lililokaushwa kwenye kadi maalumu, inatiwa kwenye bahasha inasafiri na basi la asubuhi. Kadi nimeshaipata, ipo kwenye begi la uzazi, katikati ya khanga mbili na kofia ya mtoto.